Kiti cha Mtu wa Kati: Wahandisi Watatu wa Ultrasaundi na Swali Letu

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa umeme alibisha hodi ofisini kwangu. Hakuwa mwanafunzi wangu, kwa kuwa mimi nafundisha historia. Alikuwa amesikia kwamba niliwahi kukaa kwenye kamati ya kupandisha vyeo vya wahadhiri, akaja kuomba ushauri. Anazipenda mashine za ultrasaundi, zile ambazo wajawazito wetu hupimwa nazo, na anataka kuzitafiti maisha yake yote.

"Mwalimu," alisema, "kitivo cha uhandisi wananiambia hiyo ni kazi ya hospitali. Hospitali wananiambia mimi ni fundi. Nikisoma mpaka uzamivu, nitakaa wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwomba arudi baada ya wiki mbili, nikaenda maktaba kufanya kazi ninayoijua, yaani kuwatafuta waliotangulia. Makala haya ni jibu nililompa, pamoja na jambo moja ambalo siku ile sikuthubutu kumwambia.

Sauti iliyotoka kwenye vita na viwanda

Ultrasaundi ni sauti iliyo juu mno kwa sikio la binadamu, inayozidi mitetemo 20,000 kwa sekunde. Mwaka 1880, ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Baadaye ikathibitika kwamba fuwele hizo hizo zikipewa umeme hutetemeka. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Paul Langevin alizitumia fuwele hizo kutuma sauti chini ya maji ili kutafuta nyambizi za adui. Kisha viwanda vikaichukua kanuni hiyo kutafuta nyufa zilizofichika ndani ya chuma: unatuma sauti, unasubiri mwangwi, na mwangwi ukirudi mapema kuliko inavyotarajiwa unajua kuna ufa njiani.

Mwili wa mtu unaweza kusomwa kwa namna hiyo hiyo. Ndani ya nyama laini sauti husafiri takriban mita 1,540 kwa sekunde. Mwangwi kutoka kina cha sentimita 10 hurudi baada ya takriban sehemu 130 za milioni moja za sekunde. Daktari hawezi kuhesabu muda huo kwa saa ya mkononi. Anahitaji mtu wa kumtengenezea saa, fuwele na kioo cha kuonyesha matokeo. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza fani hii ilihitaji watu wawili, mmoja anayejua ugonjwa na mwingine anayejua mawimbi. Historia yake imeandikwa zaidi kwa jina la yule wa kwanza. Mimi nimemfuata wa pili.

Glasgow: kijana wa kiwandani

Ian Donald alikuwa daktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake. Alizaliwa Uingereza, sehemu ya ujana wake akasoma Cape Town, na katika Vita Kuu ya Pili alitumikia jeshi la anga, ambako alizoea habari za rada. Mwaka 1954 alipewa kiti cha uprofesa wa ukunga katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Tarehe 21 Julai 1955 alikwenda kwenye kiwanda cha Babcock & Wilcox, mjini Renfrew, kilichotengeneza mitambo ya mvuke. Ndani ya buti za magari mawili alibeba vivimbe vilivyokuwa vimetolewa kwa upasuaji. Mafundi wa pale walikuwa na mashine ya kutafuta nyufa kwenye chuma, na kwa ajili ya kulinganisha waliweka mnofu wa ng'ombe. Mashine iliutofautisha uvimbe wa maji na uvimbe wa nyama. Donald akarudi hospitalini akiwa na hakika kwamba njia ipo.

Njia ilikuwepo, lakini mashine aliyopata kuitumia hospitalini ilikuwa imechoka na ilikuwa imebadilishwa vibaya, haikuweza kuona mwangwi wa karibu. Hapo ndipo anapoingia Tom Brown. Alizaliwa mwaka 1933, na mwaka 1951 alijiunga na kampuni ya Kelvin & Hughes mjini Glasgow kama mwanagenzi wa ufundi. Mwaka 1956 alisikia kutoka kwa mfanyakazi mwenzake, aliyekuwa akishughulikia taa ya chumba cha upasuaji, kwamba kuna profesa anayempima mgonjwa kwa mashine ya kupimia chuma. Brown, kijana wa miaka 23, alitafuta jina la profesa kwenye kitabu cha simu, akampigia. Alipofika aliona tatizo la mashine mara moja, akafanya mpango ikaletwa nyingine iliyo bora.

Baada ya hapo alifanya jambo kubwa zaidi. Mashine za wakati ule zilionyesha mwangwi kama vilele juu ya mstari, ambavyo ni mtaalamu tu aliyeweza kuvikisia. Brown alifikiri kwamba kama mashine ingejua kila wakati kifaa cha mkononi kiko wapi juu ya tumbo na kimeelekea upande gani, basi kila mwangwi ungeweza kuchorwa mahali pake halisi, na michoro hiyo ikikusanywa ingekuwa picha. Aliunda mfano wa kwanza kwa vitu vilivyopatikana, vikiwemo vipande vya Meccano, mchezo wa watoto wa kuunganisha vyuma, na meza ya kitanda cha hospitali. Kilainishi cha ngozi kilikuwa mafuta ya zeituni.

Katika miaka hiyo, mwanamke mmoja aliyekuwa ameambiwa ana saratani ya tumbo isiyopasulika alipimwa kwa ultrasaundi. Mwangwi ulionyesha uvimbe mkubwa wa maji wa ovari. Akapasuliwa, ukatolewa, akapona. Tarehe 7 Juni 1958 jarida la Lancet lilichapisha makala ya Donald, John MacVicar na Brown. Wawili wa kwanza walikuwa madaktari. Mhandisi alikuja wa tatu, naye alikuwa bado hajatimiza miaka 26.

Donald hakumficha Brown, kwani jina lake lipo na heshima alimpa. Tatizo lilikuwa la mahali pa kukaa. Brown aliajiriwa na kampuni, na kampuni ina hesabu zake. Katikati ya miaka ya 1960 wamiliki walikifunga kiwanda cha Glasgow, na kazi ya mashine ikauzwa kwa kampuni nyingine ya Edinburgh. Donald aliwachukua wahandisi wawili, John Fleming na Angus Hall, akawapa nafasi ndani ya idara yake katika Hospitali ya Queen Mother's iliyofunguliwa mwaka 1964. Hao walipata mahali pa kukaa. Brown alikwenda njia nyingine. Alipita katika idara ya fizikia ya tiba ya Chuo Kikuu cha Edinburgh, kisha akajiunga na kampuni ya Sonicaid, ambako katika miaka ya 1970 aliongoza utengenezaji wa mashine ya picha za pande tatu. Ilikuwa imewahi mno na soko halikuipokea. Baada ya hapo aliiacha fani. Mtu aliyeipa dunia picha ya kwanza ya aina hii hakuwahi kupewa kiti cha kuwafundisha vijana namna alivyoifikiria.

Minneapolis: miaka 13 kati ya makala na shahada

Upande wa pili wa Atlantiki, katika jimbo la Minnesota, kulikuwa na John Wild, daktari wa upasuaji kutoka Uingereza aliyehamia Marekani baada ya vita. Alianza kupima unene wa ukuta wa utumbo kwa mtambo wa jeshi la majini uliotumika kufundishia marubani kusoma rada. Mwaka 1950, kwa ruzuku ya Taasisi ya Taifa ya Saratani, alimwajiri mhandisi mmoja, John Reid, kijana aliyekuwa amehitimu shahada ya kwanza ya uhandisi wa umeme mwaka huo huo.

Mwaka 1952 Wild na Reid walichapisha katika jarida la Science makala juu ya kutumia mwangwi kutambua muundo wa nyama hai. Mwaka uliofuata walikuwa wanaona uvimbe mdogo ndani ya titi la mgonjwa wakati kipimo kikiendelea. Reid alikuwa na shahada ya kwanza tu, na mshahara wake ulitoka kwenye ruzuku. Kila anayefanya utafiti anajua maana ya sentensi hiyo: siku ruzuku ikikauka, kazi nayo inakauka, hata kama umeandika kwenye jarida gani.

Reid alirudi darasani. Alimaliza uzamili mwaka 1957, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Hakwenda huko kwa kubahatisha. Katika Shule ya Moore ya uhandisi, ile ile iliyounda kompyuta ya ENIAC, Herman Schwan, mwanafizikia aliyetoka Ujerumani baada ya vita, alikuwa amejenga kikundi kinachosoma umeme na mwili wa binadamu. Mhandisi aliyetaka kusoma moyo hakuulizwa pale kwa nini hasomi mitambo ya simu. Reid, pamoja na daktari wa moyo Claude Joyner, aliunda na kuitumia mashine ya kwanza nchini Marekani ya kupima moyo kwa mwangwi. Shahada yake ya uzamivu aliipata mwaka 1965.

Hebu tuhesabu. Kuanzia makala ya Science hadi uzamivu ilipita miaka 13. Mtu aliyekuwa ameshaifungua fani alilazimika kuombea kibali cha kuingia ndani yake. Silalamiki juu ya shahada, maana mimi mwenyewe ninaishi kwa shahada. Ninachotaka tuone ni kwamba Reid alivumilia kwa sababu palikuwa na mlango wa kubisha. Baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, ambako Robert Rushmer, daktari aliyetambua kwamba fiziolojia haiwezi kusonga bila wahandisi, aliwakusanya wahandisi kama Donald Baker na Dennis Watkins. Huko Reid alishiriki katika kazi ya Dopla, njia ya kusoma mwendo wa damu kutokana na badiliko la sauti inayorudi. Hatimaye alipata uprofesa katika Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia.

Fuata nyayo zake, utaona kwamba kila alipohamia palikuwa na mtu aliyekwisha jenga chumba kati ya kitivo cha tiba na kitivo cha uhandisi. Hata hivyo sifa haikugawanywa sawa. Mwaka 1991 Tuzo ya Japani kwa upigaji picha wa kitabibu ilikwenda kwa Wild peke yake.

Lund: mtu mwenye ukoo na mwenye kiti

Wa tatu ni Carl Hellmuth Hertz wa Lund, Uswidi. Huyu alianza na mtaji ambao wawili wale hawakuwa nao. Baba yake, Gustav Hertz, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1925. Heinrich Hertz, ambaye jina lake ndilo kipimo cha mitetemo, alikuwa wa ukoo huo huo. Daktari wa moyo Inge Edler alipomuuliza kama rada inaweza kuona ndani ya moyo, Hertz alifikiria sauti. Walijaribu kwanza kwa mashine ya kutafutia nyufa kutoka kwenye kiwanda cha meli cha Kockums, Malmö. Kisha kampuni ya Siemens, ambako baba yake aliwahi kuongoza utafiti, ikawaazima mashine yao wenyewe. Tarehe 29 Oktoba 1953 walirekodi mwangwi wa moyo unaodunda.

Tusimwonee Hertz kwa sababu ya ukoo. Alikuwa mwanafizikia hodari, na haja ya kurekodi ishara zinazokwenda kasi ilimpeleka kwenye utafiti wa kuchapa kwa wino unaorushwa, ambao umeacha alama hata katika printa za ofisini. Lakini tofauti kati yake na Brown inatazamika. Kijana wa Glasgow alimpata profesa kwa kitabu cha simu, na mwana wa Nobel alipata mashine kwa jina la baba. Zaidi ya hayo, katika miaka ya 1960, Lund ilipoanzisha shule yake ya teknolojia, Hertz alipewa uprofesa wa vipimo vya umeme humo. Akawa na maabara, wanafunzi, na mshahara usiotegemea ruzuku ya mwaka. Mwaka 1977 Tuzo ya Lasker ilimtaja yeye pamoja na Edler, daktari na mhandisi bega kwa bega.

Watatu hawa walikuwa rika la teknolojia moja, katika muongo mmoja. Akili haikuwatofautisha. Kilichowatofautisha ni kama kulikuwa na taasisi iliyokuwa tayari kumwambia mtu wa kati: wewe ni wetu, hiki ndicho kiti chako, na kazi ya mikono yako itahesabiwa.

Sisi je?

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apimwe kwa ultrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Kwa hiyo mashine hii kwetu imekuwa hitaji la kila hospitali ya wilaya. Tunazinunua, na nyingine tunapewa kwa msaada na kupigwa picha za makabidhiano. Nimewahi kumsindikiza ndugu yangu kwenye hospitali moja, tukaikuta mashine imefunikwa shuka. Muuguzi alitueleza kwa upole kwamba kifaa cha mkononi kimekatika waya, mtu wa kukitengeneza hayupo, na kipya kinasubiri bajeti. Akatuelekeza kwenye kituo binafsi. Ndugu yangu alilipa. Wajawazito wengine waliokuwa kwenye benchi lile walirudi nyumbani.

Si kwamba hatufundishi. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo cha Ufundi Arusha zinawafundisha vijana mambo ya vifaa tiba. Swali la yule mwanafunzi lilihusu kinachofuata. Akishahitimu, je, muundo wa utumishi unampa ngazi za kupanda, au utamwacha palepale huku wenzake wakipanda? Akiingia chuo kikuu, je, mashine aliyoibuni au kuifufua itahesabiwa?

Hapa ndipo penye jambo ambalo sikumwambia.

Katika kamati niliyokaa lilifika faili la mhandisi mmoja aliyeomba kupandishwa kuwa mhadhiri mwandamizi. Alikuwa na makala mbili, zote akiwa mwandishi wa tatu nyuma ya madaktari. Aliambatanisha pia barua kutoka hospitali, zikieleza kwamba alitengeneza kifaa cha kupimia ubora wa mashine za ultrasaundi, na kwamba kwa kifaa hicho mashine kadhaa zilizokuwa zikitoa picha za kupotosha zilitambuliwa na kurekebishwa. Kanuni yetu ilimpa mwandishi wa tatu sehemu ndogo ya alama. Kwa kifaa haikuwa na safu yoyote ya kuandika alama. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye hoja. Palikuwa kimya. Tulipopiga kura ya kumwambia asubiri, mkono wangu ulikuwa juu pamoja na mikono mingine. Mwaka uliofuata aliacha kazi, na nasikia anauza mitambo ya sola.

Nilipokuwa maktaba nikisoma ukurasa wa Lancet wa mwaka 1958, nikaliona jina la Brown mahali pa tatu, nilikumbuka faili lile. Kwa kanuni yetu, Tom Brown naye angeambiwa asubiri.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, ombi langu ni dogo na linawezekana. Mkataba wowote wa kununua mashine uambatane na nafasi ya mtu wa kuitunza, yenye ngazi, iliyoandikwa kwenye ikama. Kwa wahadhiri wenzangu: kanuni za kupandisha vyeo ziwe na safu ya vifaa vilivyobuniwa na vinavyotumika, vithibitishwe na watumiaji, vipewe alama kamili. Vyuo viruhusu mtu mmoja kuajiriwa na vitivo viwili bila kila kimoja kumsukumia mwenzake. Kwa wanaharakati: mnapouliza mashine ngapi zimenunuliwa, ulizeni pia ngapi zinafanya kazi leo asubuhi, na nani anazitengeneza.

Mwanafunzi alirudi baada ya wiki mbili kama tulivyoahidiana. Nilimweleza habari za Brown, Reid na Hertz. Nikamwambia kwamba popote atakapoomba nafasi ya kusoma au kazi aulize maswali mawili kabla ya kusaini: ruzuku ikiisha nani atanilipa, na nani atatia saini ya kupanda kwangu cheo? Aliyaandika kwenye daftari. Kisha akaniuliza kama yule mwalimu mhandisi wa vifaa tiba, ambaye wakubwa zake walimsifu sana, bado yupo chuoni, angependa amsimamie mradi.

Nilimjibu kwamba ameondoka. Hakuniuliza kwa nini, nami sikusema. Leo nimesema. Kanuni zile zinapitiwa upya mwaka huu, na barua yangu ya kuomba safu ile iongezwe nimeshaiwasilisha, pamoja na maelezo ya kura niliyoipiga.